Mtoto Akiguna, Usingoje Abadilike Rangi

Wauguzi, wakunga na matabibu wa hospitali za wilaya na vituo vya afya wamekuwa wakiniuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mtoto kazaliwa kabla ya wakati, anapumua mbio, kifua kinabonyea: tumpe oksijeni kwanza tuone, au tumweke kwenye sipapu moja kwa moja? Mwingine anauliza, mashine ni moja na watoto ni watatu, nianze na yupi? Mwingine yuko zamu ya usiku, daktari yuko mbali, na anataka kujua kama anaweza kuanza mwenyewe.

Jibu langu kwa wote: anza mapema, mtoto akiwa bado ana nguvu. Sipapu (CPAP), mashine inayopeleka hewa yenye presha puani kupitia prongi, imetengenezwa kwa ajili ya mtoto anayehangaika lakini bado anapumua mwenyewe. Kinachotuumiza zaidi katika wodi zetu ni kuchelewa. Mtoto anaguna tangu saa mbili usiku, anapewa oksijeni ya kawaida, alfajiri amechoka na rangi imebadilika, ndipo mashine inatafutwa. Anafariki prongi zikiwa puani, na wodi nzima inabaki ikiamini kwamba sipapu haisaidii.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sipapu kwa kila njiti mwenye dalili za shida ya kupumua, tena ianze mara dalili zinapoonekana. Kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32, lilisema inaweza kuanzishwa mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama dalili hazijajitokeza. Ukiambiwa na mtu kwamba unaharakisha, mwambie hivyo.

## Kwanza hakikisha anapumua

Sipapu haimpumulii mtoto. Inashikilia mapafu yasifunge kila anapotoa pumzi. Mapafu ya njiti hayajapata safaktanti ya kutosha, kwa hiyo kuta za vifuko vya hewa zinanatana kama rambo iliyolowa, na kila pumzi inakuwa kazi ya kuzibandua upya. Mtoto asiyevuta pumzi kabisa, au anayetweta pumzi moja moja, sipapu haitamfaa kitu.

Huyo anahitaji ambubegi, na anaihitaji ndani ya dakika ya kwanza, ile Dakika ya Dhahabu tuliyofundishwa kwenye mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua. Mkaushe, msisimue mgongoni, asipopumua mpe pumzi kwa ambubegi. Akishaanza kupumua mwenyewe na ukaona anahangaika, hapo sipapu inaingia.

Na joto lisisahaulike. Mtoto aliyepoa hutumia oksijeni nyingi zaidi na hupumua vibaya zaidi. Shabaha ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kofia, nguo kavu, chumba kisicho na upepo. Aliye chini ya wiki 32 mfunike kwa plastiki safi tangu leba, kichwa kikiwa nje.

## Tazama kifua kwa dakika nzima

Mfunue kifua akiwa ametulia. Hesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili utadanganyika, maana njiti hupumua kwa vipindi: mbio kidogo, kisha anatua, kisha mbio tena. Zaidi ya pumzi 60 ni nyingi mno.

Kisha inamisha sikio karibu na uso wake. Mguno ni sauti fupi inayosikika pumzi inapotoka. Ndugu wakiusikia hudhani mtoto anataka kulia, au ana njaa. Ukweli ni kwamba anabana koo ili hewa isimwishie mapafuni. Anajitengenezea presha mwenyewe, na kazi hiyo inamchosha. Sipapu inampokea kazi ileile. Ndiyo maana mimi nikisikia mguno sihitaji kusubiri rangi ya bluu.

Ili mwenzako wa zamu ijayo aone ulichoona, tumia alama za Silverman na Andersen, ambazo zimekuwepo tangu 1956. Ishara ni tano, kila moja inapewa 0, 1 au 2:

- kifua na tumbo: vinapanda pamoja, au kimoja kinapanda kingine kinashuka
- katikati ya mbavu: panabonyea kiasi gani
- chembe cha moyo: kinaingia ndani au hakiingii
- matundu ya pua: yametulia au yanatanuka
- mguno: haupo, unasikika kwa stetoskopu tu, au unasikika kwa masikio

Hapa kuna mtego. Kwa Apgar alama kubwa ni nzuri, lakini hapa alama kubwa ni mbaya: 0 ni mtoto aliyetulia, 10 ni mtoto aliye hatarini kabisa. Nimeona faili zilizoandikwa "8/10, anaendelea vizuri". Andika jina la kipimo kila mara, usiandike namba tupu.

Alama 4 hadi 6, anza sipapu. Alama 7 na kuendelea, anza huku ukimwita daktari na kuandaa rufaa. Chini ya 4, rudi umtazame kila saa, na kama ni njiti mdogo sana usimwache mbali na macho yako.

## Nani asiwekewe

Orodha ni fupi, lakini ipitie kabla hujafungua mashine:

- asiyepumua au anayetweta pumzi moja moja (ambubegi kwanza)
- mwenye tumbo lililobonyea huku kifua kimoja hakisikiki vizuri, unayeshuku kuwa utumbo wake umepanda kifuani
- anayetoa mapovu mengi mdomoni na kupaliwa, ambaye mrija wa tumboni unakataa kupita
- mwenye matundu ya pua yaliyoziba tangu kuzaliwa
- ambaye hewa imevuja nje ya pafu na bado haijatolewa

Mdomo wa sungura hauzuii moja kwa moja, ila presha itavuja na utahitaji ushauri.

## Hatua kwa hatua

1. Andaa vyote kabla ya kumgusa mtoto: mashine, chupa ya maji, mipira, kofia, prongi za saizi mbili au tatu, mrija wa tumboni, plasta, salaini, saksheni, oksimita, na ambubegi kando ya kitanda.
2. Jaza chupa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, au kadiri mwongozo wa mashine yenu unavyosema. Zamisha mpira sentimita 5 hadi 6. Kina hicho ndicho presha atakayopata mtoto.
3. Fungua hewa mpaka maji yatoe mapovu mfululizo bila kurusha maji nje. Mara nyingi lita 5 hadi 8 kwa dakika zinatosha.
4. Kama mashine inachanganya hewa na oksijeni, anza karibu asilimia 30 kwa njiti, kisha fuata oksimita.
5. Ziba ncha ya prongi kwa kidole chenye glavu. Mapovu yakitoka vizuri, mfumo hauvuji.
6. Mlaze mtoto chali, shingo iwe kawaida. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega kinasaidia. Tia matone ya salaini puani, vuta ute kwa upole.
7. Pitisha mrija wa tumboni kupitia mdomoni, uubandike, uache ncha yake wazi.
8. Chagua prongi zinazojaza tundu la pua bila kuifanya ngozi iwe nyeupe. Ziingize huku mkunjo wake ukielekea chini.
9. Funga kofia na mipira kwa namna ambayo prongi hazivutwi upande wowote.
10. Weka oksimita mkono wa kulia. Shabaha kwa anayepewa oksijeni ni 90 hadi 95. Mtoto aliyezaliwa sasa hivi hafikii namba hizo papo hapo. Huchukua kama dakika 10.

Rudi baada ya dakika 15, halafu dakika 30, halafu kila saa. Ikiwa bado anahangaika na mfumo hauna kasoro, ongeza kina cha maji sentimita moja moja. Usivuke 8 bila daktari.

Anza pia tiba nyingine: njiti mwenye shida ya kupumua hatofautishwi kwa macho na mwenye nimonia, kwa hiyo antibiotiki za mwongozo wenu zianze. Akiwa chini ya wiki 34 uliza habari ya kafeini, kwa sababu njiti akisahau kupumua kwa zaidi ya sekunde 20 presha peke yake haitamkumbusha.

## Mapovu yanaweza kukudanganya

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanapotupotea tukiwa tumesimama palepale.

Mapovu yakikoma, kila mtu anakimbia. Sababu ni zilezile: mpira umechomoka, umekunjika chini ya godoro, maji yamepungua, hewa ni ndogo, au mtoto amefungua mdomo na presha inatokea huko. Fuata mpira kwa mkono kuanzia kwenye mashine hadi puani, kisha kutoka puani hadi kwenye chupa. Mdomo ukiwa wazi, mfunge kidevu kwa utepe laini usiobana.

Lakini chupa inaweza kutoa mapovu vizuri huku mtoto hapati kitu. Pua ikijaa ute, hewa itapita kwenye mipira, itafika kwenye chupa, maji yatabubujika, na mapafu hayajaguswa. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapopita kitandani si kama maji yanabubujika. Jiulize: kifua kinatulia? Ukiweka stetoskopu unasikia mbubujiko ukiingia pande zote mbili? Pua ni safi? Safisha pua kila baada ya saa 3 au 4, na wakati wowote ute ukionekana.

Na mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri akibadilika ghafla, upande mmoja wa kifua ukawa hausikiki, fikiria hewa imevuja nje ya pafu. Mmulike kifua kwa tochi kwenye giza: upande wenye hewa unaweza kung'aa kuliko mwingine. Mwite daktari palepale.

## Pua na tumbo

Ukuta mwembamba unaotenganisha matundu ya pua ndio unaolipa gharama ya mikono yenye haraka. Prongi zikisukumwa mpaka zikaugusa, baada ya saa kadhaa ngozi inakuwa nyekundu, kisha nyeupe, kisha inakatika, na kovu lake mtoto atakua nalo. Acha nafasi ya kama milimita 2 kati ya daraja la prongi na ngozi hiyo. Iangalie kila unaposafisha. Usipake mafuta ili prongi ziteleze. Lowesha kwa salaini. Prongi zikichomoka mara kwa mara, badilisha saizi au funga kofia upya, usizisukume ndani.

Tumbo nalo litajaa hewa. Hilo ni la kawaida, na ndiyo kazi ya ule mrija uliouacha wazi. Tumbo gumu, linalong'aa, lenye matapishi ya kijani au damu kwenye choo, hilo si hewa ya sipapu. Simamisha maziwa, mwite daktari.

## Oksijeni ni dawa, na macho yana thamani

Zipo wodi ambazo oksimita ikisoma 99 au 100 watu wanafurahi. Kwa njiti aliye kwenye oksijeni, hiyo ni hatari. Katika miaka ya 1940 na 1950 watoto wengi wa Ulaya na Marekani walipofuka kwa sababu walipewa oksijeni bila kipimo. Mishipa ya macho ya njiti haijakomaa, na oksijeni nyingi inaiharibu.

Ikivuka 95, punguza oksijeni kidogo kidogo. Presha iache ilivyo. Kama mashine yenu haina namna ya kuchanganya hewa, lipiganieni hilo kwenye vikao vya vifaa, kwa sababu oksijeni tupu kwa siku kadhaa haimfai mtoto wa gramu 1,200. Na kila mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 1,500 au kabla ya wiki 32 aandikiwe kupimwa macho, kwa kawaida wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Mwandikie tarehe kwenye kadi kabla hajaruhusiwa.

## "Lakini..."

"Daktari hayupo." Muulize mganga mfawidhi leo, kabla mtoto hajaja, aweke kibali cha maandishi: muuguzi aliyefunzwa aanze sipapu alama zikifika 4, kisha apige simu. Huko Blantyre, Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth, mashine rahisi ya mapovu ilitumika ndani ya wodi ya kawaida, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliowekewa sipapu asilimia 71 walipona, dhidi ya asilimia 44 ya waliopata oksijeni ya kawaida. Kwa wenye mapafu machanga ilikuwa asilimia 64.6 dhidi ya 23.5.

"Tulisikia utafiti wa Malawi uliosema sipapu inaua." Ulikuwepo, na usomwe vizuri. Ulifanyika hospitali ya wilaya ya Salima, ukachapishwa 2019, na ulihusu watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59 wenye nimonia kali na hatari nyingine. Kwao vifo vilikuwa asilimia 17 kwenye sipapu na 11 kwenye oksijeni ya kawaida. Njiti wa siku moja ana ugonjwa mwingine kabisa. Tunachopaswa kuchukua kutoka Salima ni onyo kwamba mashine bila uangalizi wa karibu ni hatari, na onyo hilo linatuhusu wote.

"Mashine ni moja." Anza na mwenye alama 4 hadi 6 ambaye ana nafasi kubwa ya kufaidika, badala ya kumwekea aliyeacha kupumua, ambaye ambubegi na rufaa ndiyo haki yake. Uamuzi huu ni mzito. Usiubebe peke yako, mshirikishe kiongozi wa zamu na uuandike.

"Sisi ni kituo cha afya, hatuna mashine kabisa." Basi kazi yenu inaanza kabla ya mtoto. Mama mwenye uchungu kabla ya wiki 34 mpeleke hospitali mtoto akiwa bado tumboni. Deksamethasoni hukomaza mapafu. Utafiti uliofanyika nchi tano, Kenya ikiwemo, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya njiti, pale ambapo umri wa mimba unajulikana vizuri, mama hana maambukizi na mtoto atapata huduma nzuri akizaliwa. Mtoto akiwa ameshazaliwa, msafirishe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, oksijeni ikiwepo, muuguzi ndani ya ambulensi akiwa na ambubegi mkononi. Piga simu mbele ili prongi zimkute tayari.

"Umeme unakatika." Konsentreta ikizima, mtoto hana hewa. Mtungi uliojaa, wenye regulata inayofanya kazi na spana yake, ukae karibu. Kila zamu ijaribu kuufungua. Umeme ukikatika na hakuna mbadala wa haraka, toa prongi puani, angalia kama anapumua, na uwe tayari na ambubegi.

## Mama yuko hapo

Usiku mmoja utakutana na bibi amesimama mlangoni akisema, "Hiyo gesi mliyomwekea itamuua, mtoto wa jirani aliwekewa akafa." Usimkemee. Ameona kweli: aliyewekewa alikufa, kwa sababu aliwekewa amechelewa. Mwite karibu na kitanda. Mwambie, "Bibi, mjukuu wako anapumua mwenyewe. Hii inamsaidia asichoke. Tazama kifua chake, jana kilikuwa kinaingia ndani." Mwache aone mwenyewe.

Mama mpe kazi. Akamue maziwa tangu siku ya kwanza, yale ya njano yakiwemo, yapite kwenye mrija kidogo kidogo. Mkimaliza kulisha mrija ukae wazi tena baada ya nusu saa hivi. Mtoto akiwa imara anaweza kukaa kifuani kwa mama hata akiwa na prongi: watu wawili wanamhamisha, mmoja anashika mtoto, mmoja anashika mipira. Utafiti uliochapishwa 2021, uliohusisha Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulikuta kwamba kangaruu (mtoto kukaa kifuani, ngozi kwa ngozi) iliyoanza mara tu baada ya kuzaliwa ilipunguza vifo kwa robo.

Mweleze pia asichopaswa kufanya: asimchomoe prongi ili amnyonyeshe, asimpe maji ya glukosi, asimgeuze bila kuita. Akiyajua haya atakuwa jicho lako unapokuwa kitanda cha pili.

## Kumwachisha

Usimtoe kwa sababu kuna mtoto mwingine anasubiri, wala kwa sababu ni asubuhi na raundi inakuja. Punguza oksijeni kwanza, mpaka iwe chini ya asilimia 30 na oksimita isome 90 hadi 95. Kisha punguza presha sentimita moja moja mpaka 5. Akikaa siku nzima hivyo, pumzi chini ya 60, haguni, hasahau kupumua, toa prongi.

Mtazame kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Akianza tena kuguna, mrudishie mara moja. Kurudishiwa si kushindwa, njiti wengi hurudi mara mbili au tatu. Osha na kuua vijidudu kwenye mipira, ikaushe, uihesabu, na uiweke mahali ambapo muuguzi wa zamu ya usiku ataikuta bila kuuliza ufunguo.